Kutoka Darasani hadi Gazetini: Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Kazi ya Mwenezi wa Fikra Mombasa, 1930–1947



1. Utangulizi

Historia ya nathari ya Kiswahili, kama inavyofundishwa katika vyuo vyetu vingi, hufuata njia moja iliyozoeleka. Huanza na maandishi yaliyochapishwa kwa juhudi za wamisionari na maafisa wa Kijerumani, kama vile Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy na Desturi za Waswahili inayofungamana na jina la Mtoro bin Mwinyi Bakari. Hapo hupita kwenye magazeti ya misheni na ya serikali: Msimulizi la Unguja la mwaka 1888, Kiongozi la Tanga, na Mambo Leo lililoanza mwaka 1923. Kisha humfikia Shaaban Robert, na kutoka kwake huingia katika riwaya.

Njia hiyo si ya uongo, lakini ina pengo. Msomaji anayeifuata atadhani kwamba kabla ya vyama vya siasa vya miaka ya 1950 Mswahili aliandika nathari ama kwa kuombwa na mgeni, ama kwa kuajiriwa na mgeni. Atadhani pia kwamba mjadala wa umma, yaani watu kuulizana kwa maandishi hali yao ni ipi na wafanye nini, ulikuwa kazi ya ushairi peke yake. Katika mhadhara huu ninakusudia kumzungumzia mtu anayeifanya dhana hiyo isisimame. Naye ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891 na kufariki mwaka 1947.

Wengi wanamjua kama mwanachuoni wa dini na Kadhi Mkuu wa Kenya. Wengine wanamjua kama baba wa Profesa Ali Mazrui. Mimi leo nitamtazama kwa upande mmoja tu: kama mwenezi wa fikra. Hoja yangu ni kwamba mchango wake mkubwa katika historia ya Kiswahili ni kuifanya nathari ya lugha hii kuwa chombo cha jamii kujikosoa yenyewe hadharani, na kwamba nguvu ya kazi hiyo na mipaka yake vyote vimo ndani ya neno moja dogo: sisi.

2. Mwenezi wa fikra ni nani?

Si kila aandikaye gazetini ni mwenezi wa fikra. Mwandishi wa habari hutueleza lililotokea. Mwanachuoni hutafuta ukweli wa jambo, na mara nyingi huwaandikia wanazuoni wenziwe. Mwenezi wa fikra husimama kati ya hao wawili: huichukua elimu iliyokusanywa na wachache, akaifikisha kwa walio wengi katika lugha wanayoielewa, ili watu waamue na watende. Kazi yake hupimwa kwa swali moja: je, aliyesoma alihisi kwamba anazungumziwa yeye?

Pwani yetu iliijua kazi hiyo kabla ya kuja kwa mitambo ya kuchapia. Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa kati ya mwaka 1776 na 1840, alikuwa sauti ya mji wake wakati wa mvutano kati ya Wamazrui na Seyyid Said. Mashairi yake yalihimiza, yalikejeli na yalitahadharisha, na watu waliyahifadhi vifuani mwao hata yakaweza kukusanywa baadaye kwa msaada wa Mwalimu Sikujua na hatimaye kuchapishwa mwaka 1940. Mahali pa kutolea neno la umma palikuwapo. Lililokuwa halijapatikana ni umbo la makala: hoja iliyopangwa kwa nathari, isiyobanwa na vina wala mizani, yenye kutoa sababu moja baada ya nyingine na kurudi tena kwa msomaji yuleyule baada ya siku chache.

3. Mji na mtu

Sheikh Al-Amin alizaliwa katika ukoo uliokuwa umetawala na kupoteza. Wamazrui waliongoza Mombasa hadi mwaka 1837, mji ulipoingia mikononi mwa Seyyid Said na wakuu kadhaa wa ukoo wakapelekwa uhamishoni. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa miongoni mwa wanazuoni wakubwa wa zama zake, naye alifariki mwana akiwa bado mdogo sana. Mwaka 1895 Waingereza walitangaza himaya yao juu ya Afrika ya Mashariki, na vita vya Mbaruk bin Rashid, Mmazrui wa Gasi, vilishindwa mwaka uliofuata. Basi kijana huyu alikua katika mji ambao watu wa nasaba yake walikuwa na heshima bila ya mamlaka.

Alilelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Baadaye alifuata elimu Unguja, kwa Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdalla Bakathir, masheikh wawili waliokuwa nguzo za elimu ya Kishafi katika pwani nzima. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Elimu aliyoipata kwao ilikuwa ya darasa: mwalimu amekaa, wanafunzi wamemzunguka, kitabu cha Kiarabu kinasomwa na kufasiriwa. Elimu hiyo ilikwenda mbali kwa kina. Kwa upana haikwenda mbali, kwani ilimfikia tu yule aliyekuja kukaa chini.

Lakini Unguja ilikuwa pia mlango wa kuingilia maandishi kutoka ng'ambo. Jarida la Al-Manar, lililoasisiwa Kairo mwaka 1898 na Rashid Rida, mwanafunzi wa Muhammad Abduh, lilisomwa na wanazuoni wa pwani. Mwaka 1911 Unguja ilipata gazeti la Kiarabu, Al-Najah, na mwaka 1929 likaanza Al-Falaq. Sheikh Al-Amin aliyaelewa mafunzo mawili kutoka kwa watu wa Kairo. La kwanza ni kwamba unyonge wa Waislamu haukuletwa na wageni peke yao. Una mizizi katika mwenendo wa Waislamu wenyewe. La pili ni kwamba dawa ya unyonge huo haiwezi kufungiwa darasani, lazima ichapishwe.

Fikra zake za asili, kwa hiyo, zilikuwa na wenzake Misri. Aliloliongeza yeye ni uamuzi wa lugha.

4. Al-Sahifa na Al-Islah

Mwaka 1930 alianzisha Al-Sahifa. Jina lenyewe lina maana ya karatasi au ukurasa, na kwa kweli lilikuwa chapisho dogo, la Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu. Mwaka 1932 lilifuatiwa na Al-Islah, yaani marekebisho, gazeti la kila wiki lililotumia Kiswahili na Kiarabu. Halikudumu zaidi ya mwaka mmoja hivi. Makala za Al-Sahifa zilikusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi, kilichotoka mwaka 1944, na hicho ndicho kilichoziokoa zisipotee kama zinavyopotea karatasi nyingi za aina hiyo. Katika muongo wa 2010 zilitolewa tena, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, kwa kazi ya Kai Kresse na Hassan Mwakimako.

Mtu anaweza kusema: magazeti mawili, miaka isiyofika mitatu, mji mmoja, hayo ni makubwa gani? Tuyatazame masharti ya wakati ule. Mwanachuoni wa cheo chake alitarajiwa kuandika kwa Kiarabu. Kiarabu kilikuwa lugha ya vitabu na ya hadhi, na Sheikh Al-Amin alikimudu barabara. Historia yake ya utawala wa Wamazrui wa Mombasa aliiandika kwa Kiarabu. Lakini wengi katika jamii yake, hata wale waliojiita Waarabu na kusajiliwa hivyo na serikali, walikuwa wakizungumza Kiswahili nyumbani na sokoni. Kuwaandikia kwa Kiarabu juu ya hatari iliyowakabili kungekuwa sawa na kupiga mbiu ya mgambo katika mji wa viziwi.

Hati nazo zilikuwa na maana yake. Kijana aliyepita chuoni kwa mwalimu wa Kurani alijua kusoma herufi za Kiarabu hata kama hakufahamu lugha yenyewe. Kiswahili kwa hati hizo kilimfikia mtu ambaye shule ya serikali haikumfikia, na ambaye shule ya misheni wazazi wake hawakutaka imfikie. Pamoja na hayo, karatasi katika mji wa Waswahili haisomwi na mtu mmoja. Palipo na baraza pana masikio, na asiyejua kusoma husomewa.

5. "Sisi": elimu, kazi, mali na kuiga

Mwandishi huyu aliwaambia nini wasomaji wake? Atakayeingia katika Uwongozi akitarajia masuala ya tohara, saumu na mirathi peke yake atashangaa. Humo mna mambo ya elimu na shule, ya uvivu na kazi, ya fedha zinazoteketea katika harusi na matanga, ya ulevi, ya umoja, ya malezi ya watoto, ya mali na mashamba kuhama mikononi mwa wenyeji, na ya vijana kuiga mavazi na michezo ya Wazungu.

Suala la kuiga linatuonyesha vizuri namna alivyofikiri. Sheikh Al-Amin hakuwa mtu wa kukataa kila kitu cha Mzungu. Aliona kwamba Wazungu wana mambo ambayo Mwislamu ameamrishwa na dini yake mwenyewe ayafuate: kuthamini wakati, kufanya kazi kwa bidii, kutafuta elimu, kushirikiana katika jambo la wote. Lililomuudhi ni kwamba wenziwe waliyaacha hayo wakachukua yaliyo rahisi: kofia, dansi na kileo. Kwa maneno mengine, walimwiga Mzungu katika starehe yake bila ya kumwiga katika kazi iliyomwezesha kupata starehe hiyo.

Hoja hii ina makali yake, na makali hayo yanatokana na nafsi ya sarufi aliyoichagua. Angeweza kusema "wao", akawahukumu vijana kutoka juu. Angeweza kusema "nyinyi", kama afanyavyo khatibu mimbarini. Njia yake kuu ilikuwa kusema "sisi": sisi tumelala, sisi tumegawanyika, sisi tunauza. Kwa hivyo lawama haikuwa ya hakimu kwa mshtakiwa. Ilikuwa ni hesabu ya ndugu waliokaa pamoja kutazama kilichobaki nyumbani.

Ikumbukwe kwamba hayo yaliandikwa katika miaka ya mwanzo ya 1930, biashara ya dunia ilipokuwa imeanguka na bei za mazao zimeporomoka. Watumwa walikuwa wameachwa huru kisheria mwaka 1907, na mashamba ya minazi na maembe yaliyotegemea kazi yao yakawa mzigo kwa wenyewe. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilikwisha kuifanya ardhi ya pwani kuwa kitu cha kusajiliwa na kuuzwa. Mwenye hati na deni alikuwa karibu na kuuza, na aliyeuza mara nyingi hakuwa na kingine. Mwenezi wa fikra aliyesema juu ya gharama za harusi katika hali hiyo hakuwa anazungumzia adabu tu; alikuwa anazungumzia namna familia zinavyofilisika.

Juu ya elimu ya wasichana pia alisema, na alisema mapema. Alitaka mtoto wa kike asomeshwe, na sababu aliyoitoa ni kwamba mama ndiye mwalimu wa kwanza wa umma wote. Msomaji wa leo ataona kwamba sababu hiyo inamwelimisha mwanamke kwa ajili ya wengine kabla ya kumwelimisha kwa ajili ya nafsi yake. Ni kweli. Lakini katika mji ambao wengi waliona kwamba kumfundisha msichana kuandika ni kumfungulia mlango wa maovu, hoja hiyo ilikuwa ufunguo uliotoshea kufuli iliyokuwapo.

6. Mwaka 1930 na Viswahili viwili

Kuna sadfa ya tarehe ambayo wanaisimu hawana budi kuizingatia. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ilianza kazi, na miongoni mwa wajumbe wake wa mwanzo hakukuwamo Mwafrika hata mmoja. Mwaka huohuo, katika mji uleule wa mkutano, Sheikh Al-Amin alianza kuchapisha nathari kwa Kimvita na kwa hati za Kiarabu.

Hapa palikuwa na njia mbili za Kiswahili cha maandishi. Ya kwanza ilikuwa na serikali nne nyuma yake, shule, mitihani na kamusi. Ya pili ilikuwa na mtu mmoja, elimu yake, na wasomaji waliokuwa tayari kumsikiliza. Hatuna haja ya kuuliza ipi ilishinda. Hata jina la Uwongozi, ambalo mhariri wa leo angeliandika bila ya herufi w, limebaki kama alama ya matamshi ya mahali.

Lakini tusiishie kwenye kusikitika. Kiswahili sanifu kilipata msamiati wa utawala na wa shule upesi kwa sababu kilihitajiwa na wenye mamlaka. Msamiati wa kujadili hali ya jamii, maneno kama umma, maendeleo, islahi, haki na umoja yakitumika kwa maana ya kisiasa, ulihitaji waandishi waliokuwa na jambo la kuwaambia watu wao. Makala za Mombasa zilikuwa moja ya karakana za msamiati huo, miaka mingi kabla ya majukwaa ya uhuru.

7. Mipaka ya "sisi"

Haitakuwa insafu kumsifu mwandishi bila ya kuuliza "sisi" yake iliwakusanya kina nani. Mara ni Waislamu wote. Mara ni watu wa pwani. Mara, kwa yakini, ni Waarabu wa pwani, waliokuwa wakidai kwa serikali ya kikoloni daraja tofauti na ile ya Waafrika. Daraja hiyo ilikuwa na faida za kweli katika kodi, shule na uwakilishi barazani. Mjukuu wa mtumwa aliyekaa kwenye baraza hilohilo na kusikia makala hizohizo angeweza kujiuliza kama naye yumo.

Linganisha na Lamu. Huko Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija, aliifungua elimu ya dini kwa watu wa daraja la chini kupitia msikiti na madrasa ya Riyadha, kwa maulidi na matari. Watu wa islahi waliyatazama mengi ya hayo kwa jicho la shaka, na kuwatukuza masharifu wakakuhesabu kuwa ni bidaa. Ukitazama kwa jicho la mwanahistoria, utaona kwamba pande zote mbili zilikuwa zikifanya jambo moja: kuitoa elimu mikononi mwa wachache. Mmoja aliitoa kwa sauti na dufu, mwingine kwa karatasi na hoja. La Lamu lilimpokea yule asiyejua kusoma akiwa na furaha yake. La Mombasa lilimtaka kwanza abadilike.

Wanawake nao walikuwa na majukwaa yao. Utafiti wa Margaret Strobel juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, uliochapishwa mwaka 1979, umeonyesha kwamba vyama vya lelemama vilikuwa mahali pa wanawake kujipanga, kushindana, kusaidiana na kusema neno lao kwa nyimbo. Mwandishi wa islahi aliona katika ngoma ubadhirifu na mashindano yasiyo na tija. Hakukosea kuhusu gharama. Lakini ndani ya kelele ile mlikuwa na hoja za watu ambao hawakupewa safu gazetini.

Mpaka wa tatu ni wa cheo. Katika miaka hiyohiyo ya magazeti yake Sheikh Al-Amin aliingia katika kazi ya ukadhi, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, kazi aliyoishika hadi kufa kwake. Kadhi alilipwa na serikali. Mwenezi wa fikra huhitaji uhuru wa kuudhi; kadhi huhitaji utulivu wa kuaminiwa na pande zote. Baada ya Al-Islah hakuanzisha gazeti jingine. Kalamu yake haikukauka, kwani aliendelea kuandika vijitabu vya mafunzo ya dini, kufasiri Kurani na kusomesha. Sauti ya kila wiki, hata hivyo, ilikuwa imenyamaza.

8. Urithi

Ilinyamaza kwake, ikaendelea kwa wanafunzi wake. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu baada ya uhuru, aliendesha gazeti la Sauti ya Haki katika miaka ya 1970. Sheikh Abdalla Saleh al-Farsy, naye Kadhi Mkuu kuanzia mwaka 1968, alikamilisha tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili iliyotoka mwaka 1969 na ambayo imesomwa Afrika ya Mashariki nzima. Wote wawili walizaliwa mwaka 1912, na wote wawili walifariki mwaka 1982. Walichorithi kwa mwalimu wao ni zaidi ya itikadi. Walirithi imani kwamba Kiswahili kinaweza kuubeba mjadala mzito bila ya kuazima heshima kwa lugha nyingine.

Na mwanawe, Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2014, aliifanya kazi ya mwenezi wa fikra kwa Kiingereza na kwa televisheni, mbele ya hadhira ya dunia. Swali lake kuu juu ya urithi wa Afrika, wa Kiislamu na wa Magharibi, ni swali la nyumbani: tuchukue nini kwa wengine, na tubaki na nini chetu? Baba aliliuliza kwa Kimvita katika karatasi ndogo.

9. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, nathari ya hoja kwa Kiswahili haikungoja riwaya wala siasa ya vyama. Ilikuwapo Mombasa mwaka 1930, mikononi mwa mwanachuoni aliyejua kwamba darasa lake halitoshi. Pili, nguvu ya nathari hiyo ilitokana na mwandishi kujiweka ndani ya lawama aliyoitoa. Tatu, nafsi hiyohiyo aliyoitumia, "sisi", iliwaacha nje watu ambao leo tunawahesabu kuwa ni wenye mji.

Kutokana na hayo ninapendekeza mawili. Mitaala ya historia ya fasihi katika vyuo vyetu iipe makala ya magazeti nafasi pamoja na tenzi na riwaya, na Uwongozi isomwe humo kama nathari, si kama kitabu cha dini tu. Tena, wanafunzi wetu wafundishwe kusoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Mengi yaliyoandikwa kwa hati hizo yamo katika masanduku ya nyumba za pwani, na unyevu na mchwa havingoji sisi tumalize kubishana kama hayo ni fasihi au siyo.